Nyumba za mawe na chokaa Zanzibar: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanaokaa ndani ya nyumba za mawe, waliozirithi, wanaozikodi na wanaotaka kuzitengeneza. Maswali ni yale yanayorudi kila masika, maji yanapoanza kupenya na mafundi wanapotafutwa kwa haraka. Mengi yanahusu Mji Mkongwe, lakini yanayosemwa kuhusu jiwe, chokaa na boriti yanaihusu pia nyumba ya shamba, ghala la zamani, banda la punda na msikiti wa kijijini.

## Mambo ya mwanzo

1. Nyumba ya mawe ni ipi hasa?

Ni nyumba ambayo kuta zake zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, mchanga na mara nyingi udongo mwekundu, na sakafu za juu zimebebwa na boriti za mikoko. Haina nondo wala nguzo za zege. Ukuta wenyewe ndio unaobeba kila kitu, kutoka msingi hadi paa. Kwa hiyo ukibomoa ukuta wa ndani ili kupanua sebule, unaweza kuwa umeondoa kinachobeba vyumba vya jirani yako wa ghorofa ya pili.

Nyumba ya matofali ya saruji iliyopakwa rangi nyeupe na kutiwa mlango wa kuchongwa haiingii humu, hata ikiwa imesimama katikati ya mtaa wa Shangani, ndani ya Mji Mkongwe.

2. Mawe yenyewe yanatoka wapi?

Yako ya aina mbili. La kwanza ni jiwe la mwamba, la nchi kavu, ambalo visiwa vyetu vimekaa juu yake: matumbawe ya zamani sana yaliyogeuka jiwe, gumu, lenye matundu, lisilo na umbo maalum. Hilo ndilo la kujengea kuta. La pili ni tumbawe lililokatwa baharini likiwa bado laini, ambalo fundi aliweza kulichonga kwa urahisi kabla halijakauka. Hilo liliwekwa penye kazi ya mkono: mihirabu, fremu za milango, pembe za madirisha, zidaka (vishimo vya kuwekea vitu) za ukutani.

Tumbawe la baharini lisitumike tena. Mwamba hai ndio unaozuia mawimbi na ndio mazalia ya samaki, na mawe yaliyochongwa yanaweza kuokotwa katika majengo yaliyokwisha kuanguka, kwa idhini ya wanaohusika.

3. Ujenzi huu ni wa lini?

Wa zamani kuliko watu wengi wanavyodhani. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya Kikufi, hati ya zamani ya Kiarabu, yaliyochongwa kwenye tumbawe, yenye mwaka wa Hijria 500, sawa na 1107. Jengo la msikiti lilijengwa upya baadaye, lakini maandishi yako palepale kwenye kibla. Pemba kuna magofu ya Ras Mkumbuu na ya Pujini, ambayo wenyeji wanayahusisha na Mkama Ndume, mtawala wa zamani wa huko. Yote haya yalitangulia kuja kwa Waomani.

Nyumba nyingi tunazoziona leo Mji Mkongwe ni za karne ya 19, baada ya Seyyid Said, mtawala wa Oman, kuhamishia utawala wake Unguja na biashara ya karafuu na pembe za ndovu kushamiri. Beit al-Mtoni, nje kidogo ya mji, ni jumba la wakati wake, na ndipo alipozaliwa binti yake, Bibi Salme, mwaka 1844. Mahamamu ya Kidichi ni ya 1850. Beit al-Ajaib, jumba kubwa la ufukweni mwa Mji Mkongwe, ilijengwa na mwanawe, Seyyid Barghash, mwaka 1883. Ngome Kongwe imezitangulia zote hizo: Waomani waliijenga baada ya Wareno kuondolewa mwaka 1698.

4. Nani walizijenga?

Waashi wa Kiswahili, wa Kihadhrami na wa Kihindi, maseremala waliochonga milango, na pamoja nao watu waliokuwa utumwani, waliochimba mawe, wakabeba boriti kutoka majahazini na kukata kuni za tanuri. Majina ya wenye nyumba tunayo mengi. Majina ya waliobeba mawe hatunayo, na yeyote anayesifia uzuri wa nyumba hizi anapaswa kuwataja pia hao.

## Ukuta, sakafu na paa

5. Kwa nini kuta ni nene hivi?

Kwa sababu chokaa haina nguvu kama saruji, na jiwe la mwamba halina umbo la kupangika sawasawa. Uimara unapatikana kwa unene. Ukuta wa kawaida una nusu mita au zaidi: fundi alipanga mawe makubwa upande wa nje na upande wa ndani, katikati akajaza vijiwe na chokaa, na kila baada ya hatua akalaza jiwe refu la kuunga pande mbili. Unene huo pia ndio unaofanya chumba kiwe baridi saa nane mchana, kwa sababu joto la jua huchukua muda mrefu kuufikia upande wa ndani.

6. Kwa nini vyumba ni vyembamba na virefu?

Kwa sababu ya boriti. Mti wa mkoko ni mgumu na mnyoofu, lakini urefu wake unaofaa kubeba sakafu ni kama mita 2.5 hadi 3. Upana wa chumba ukafuata urefu wa mti. Aliyetaka chumba kikubwa alikirefusha, hakukipanua. Ndiyo maana nyumba ya tajiri na nyumba ya mfanyabiashara mdogo zina vyumba vya upana uleule, tofauti ikiwa ni idadi, urefu wa dari na nakshi.

Waliotaka nafasi pana walikuwa na njia nyingine. Kidichi walipandisha kuba za mawe na chokaa, na Beit al-Ajaib iliwekewa nguzo za chuma.

7. Chokaa inatengenezwaje?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa kuwa anayelielewa hupata majibu ya nusu ya maswali yaliyobaki.

Mawe ya matumbawe hupangwa juu ya rundo kubwa la magogo, kwa kawaida la duara, kisha hutiwa moto. Joto linapofika kiasi cha nyuzi 900 jiwe hutoa hewa ya kaboni iliyokuwa imefungwa ndani yake na kubaki jepesi, jeupe, na kali mno. Kulishika kwa mkono uliolowa ni kujiunguza. Kisha huzimwa kwa maji: linachemka, linapasuka, linageuka unga au uji mzito. Uji huo ukiachwa ndani ya shimo kwa wiki kadhaa, au miezi, unakuwa laini na unashika vizuri zaidi. Fundi anayezima chokaa asubuhi na kuipaka jioni anakuharibia kazi, maana chembe ambazo hazijazimika zitakuja kupasukia ukutani.

Ikishachanganywa na mchanga, mara nyingi sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga, na kupakwa, huanza kuivuta tena ile hewa ya kaboni iliyoipoteza motoni. Pole pole inarudi kuwa jiwe. Kazi hii inachukua wiki na miezi, na inahitaji unyevu: ndiyo maana ukuta mpya wa chokaa hufunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa maji. Ukikaushwa na jua kabla ya wakati wake, unabaki unga.

Mchanga usiwe wa pwani. Chumvi yake itakutesa (tazama swali la 13).

8. Sakafu za ghorofani zimetengenezwa vipi?

Boriti hulazwa karibu karibu kutoka ukuta hadi ukuta. Juu yake hupangwa vibao vya mawe bapa, kisha hutandazwa zege la chokaa na kokoto za matumbawe. Halafu hupigiliwa. Watu walikaa mistari wakiipiga kwa vigongo vya mti kwa siku kadhaa, kwa nyimbo za kuweka mapigo pamoja, hadi maji yakatoka juu na sakafu ikashikana. Sakafu iliyopigiliwa vizuri haina ufa na inang'aa yenyewe bila kutiwa chochote.

Ina uzito mkubwa. Kila anayeongeza tabaka la saruji na vigae juu yake anaitwika boriti mzigo ambao haukuwemo katika hesabu ya fundi wa kwanza.

9. Je, paa za zamani zilikuwa za mabati?

Nyingi zilikuwa bapa, za chokaa, kwa utaratibu uleule wa swali la 8. Katika nchi kavu kama Oman paa hilo linafaa. Huku kwetu masika yalilishinda, na mabati yalipoanza kupatikana watu wakayaezeka juu ya paa la zamani. Ukipanda juu ya nyumba nyingi utaikuta sakafu ya zamani chini ya bati. Usiibomoe: inazuia joto la bati lisishuke vyumbani, na inafunga vichwa vya kuta pamoja.

10. Chini palikuwa na nini? Nyumba yetu ina vyumba vya chini visivyo na madirisha.

Kwa kawaida palikuwa na duka, ghala au vyote viwili. Mwenye nyumba alikaa juu penye upepo. Chini palihifadhiwa mali: karafuu, pembe, nguo, gundi ya sandarusi, nazi. Matundu madogo yaliyo juu karibu na dari yaliwekwa kwa makusudi, kupitisha hewa bila kupitisha mwizi. Kwa karafuu hasa hewa ni lazima, kwani ikishika unyevu huota ukungu na bei yake huanguka.

Mashambani ghala na banda la wanyama vilikaa pembeni ya nyumba kubwa. Ukikuta jengo la chini, refu, lenye kuta nene, mlango mpana na sakafu yenye mteremko wa kutolea maji, huenda palifungwa punda au ng'ombe. Majengo haya ya kazi ndiyo yanayopotea haraka, kwa kuwa hayana nakshi na hayapigwi picha. Kwangu mimi yana thamani sawa na jumba, maana bila ghala na banda jumba lisingejengwa.

Tahadhari moja: mkojo wa wanyama huacha chumvi kali ukutani, na hubaki humo miaka mingi baada ya mnyama wa mwisho kuondoka. Ukitaka kuligeuza banda kuwa chumba cha kulala, soma kwanza swali la 13.

## Matatizo na tiba

11. Kwa nini lipu ya saruji inabanduka kila baada ya masika?

Ukuta wa jiwe na chokaa hunyonya unyevu na kuutoa, kama mtungi wa udongo unavyotoa jasho. Maji yanaingia kutoka chini, kutoka kwenye paa, kutoka hewani. Ukuta uliopakwa chokaa unayarudisha nje upepo unapovuma. Saruji haiyapitishi. Maji yanabaki nyuma yake, yanatafuta njia, yanapanda juu zaidi ya yalipofika zamani, na mwishowe yanaisukuma lipu nzima ikaanguka kama bamba. Mara nyingi huanguka na uso wa jiwe, kwa sababu saruji ni ngumu kuliko kile ilichokishika.

Kinachoniuma ni kwamba mwenye nyumba akiona imebanduka huongeza saruji, tena nzito zaidi, na mwaka unaofuata anaongeza tena. Unyevu uliofungiwa ndani unaozesha ncha za boriti zilizoingia ukutani, na ncha ya boriti haionekani mpaka dari ianze kushuka. Rangi za mafuta na za plastiki zina madhara yaleyale, ingawa polepole. Tumia chokaa ya kupaka, nyepesi, tabaka kadhaa, na ipakwe tena kila inapochakaa.

12. Nitajuaje kama lipu yangu ni ya saruji?

Ikwaruze kwa msumari mahali pasipoonekana. Chokaa inatoa unga mweupe au wa rangi ya udongo bila kushindana nawe. Saruji ni ya kijivu na msumari unateleza. Kisha gonga kwa kifundo cha kidole: penye mlio mtupu lipu imekwisha kuachana na ukuta. Hapo ndipo pa kuanzia kuitoa, kwa patasi na nyundo ndogo, bila mashine ya kutikisa.

13. Ule unga mweupe unaotoka chini ya ukuta ni nini?

Ni chumvi. Maji yanapanda kutoka ardhini yakiwa nayo, yanakauka kwenye uso wa ukuta, chumvi inabaki na kufanya fuwele. Fuwele zinapokua ndani ya vitundu vya jiwe zinalivunja kidogo kidogo. Mji Mkongwe uko ufukweni, kwa hiyo chumvi haiwezi kwisha kabisa. Kinachowezekana ni kuipunguza na kuielekeza.

Anza na maji. Hakikisha mlizamu, yaani mfereji wa maji ya paa, hautemi maji mguuni mwa ukuta, bomba halivuji, mtaro wa uchochoroni haujaziba. Ng'oa lipu ya saruji ya chini. Futa chumvi kwa brashi kavu, usiioshe, kwa sababu maji huirudisha ndani. Kisha paka lipu dhaifu ya chokaa na uikubali kuwa ya kuondolewa: itanyonya chumvi, itachakaa, utaitoa na kupaka nyingine. Inajitoa mhanga ili jiwe libaki. Kwa banda la wanyama utarudia mara nyingi zaidi.

14. Ufa gani ni wa hatari?

Ufa mwembamba wa lipu, unaotawanyika kila upande, si wa kukosesha usingizi. Wa kuogopwa ni ufa unaopenya pande zote mbili za ukuta, unaopanuka kuelekea juu, au uliopo kwenye kona ambapo kuta mbili zinaachana. Kibaya kuliko vyote ni ukuta uliofanya tumbo: maana yake tabaka la nje limeachana na la ndani na kifusi cha kati kinashuka. Hapo toeni watu ndani, wekeni mihimili ya kuegemeza, na mwite mhandisi anayejua majengo ya chokaa siku hiyohiyo. Usisubiri mvua ipite.

Kwa ufa usio na uhakika, bandika juu yake kijibamba cha plasta ya jasi na uandike tarehe. Kikipasuka, ukuta bado unatembea.

15. Mti umeota ukutani. Niung'oe?

Usiuvute. Mizizi ya mtini mwitu huingia ndani ya ukuta na ukiivuta inatoka na mawe. Mche mdogo ukatwe mapema kabla haujawa mti. Mkubwa ukatwe juu, kisiki kiuliwe, mizizi iachwe ikauke, na mashimo yajazwe chokaa. Kuupitia ukuta kwa jicho kila baada ya masika na baada ya vuli kunatosha kabisa kuzuia jambo hili.

16. Boriti zimeoza. Niweke zege?

Badilisha boriti kwa boriti. Zege ni zito, halinyumbuki, na kulishikiza lazima ukate mfereji mrefu ndani ya ukuta ambao kila jiwe lake linalitegemea jingine. Mara nyingi kilichooza ni ncha tu, na fundi mzuri anaweza kuibeba kwa mhimili ulioegemezwa ukutani bila kuigusa dari yote. Ukataji wa mikoko unadhibitiwa, kwa hiyo uliza boriti imetoka wapi na ina kibali gani. Mbao ngumu iliyokaushwa vizuri inafaa pia.

17. Kama nyumba hizi ni imara, kwa nini Beit al-Ajaib ilianguka?

Jengo lile lilisalimika mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896. Sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020, wakati kazi ya matengenezo ikiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Uchunguzi wa chanzo ni wa wahandisi. La kukumbuka kwa mwenye nyumba ya kawaida ni kwamba jengo hili si mfano wa nyumba yake: lina chuma kingi, na chuma ndani ya hewa ya bahari kina kutu yake, tofauti na jiwe na boriti. Na matengenezo yenyewe ni wakati wa hatari. Ukuta uliozoea mzigo fulani kwa zaidi ya miaka mia, ukiupunguzia huku na kuuzidishia kule bila kuuegemeza, unaweza kuondoka.

## Vibali, warithi na mambo ya pembeni

18. Nahitaji kibali kupaka lipu nyumba yangu mwenyewe?

Ndani ya Mji Mkongwe, ndiyo, hata kwa kazi unayoiona ndogo. Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, na mji uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000. Nenda kabla ya kununua vifaa, uwe na picha za hali ilivyo. Wengi huogopa kwenda wakidhani watakataliwa, wakati wanaweza kupata huko ushauri wa mchanganyiko na wa fundi.

19. Nyumba ni ya warithi wengi, na kila mmoja anasubiri mwenzake.

Hii ndiyo inayoangusha nyumba nyingi kuliko mchwa. Msigombanie matengenezo makubwa. Kubalianeni kwanza juu ya paa na milizamu peke yake. Nyumba yenye paa zima inaweza kuwasubiri mpaka mahakama ya kadhi imalize mirathi. Isiyo na paa haisubiri. Ikiwa nyumba ni ya wakfu, kaanzeni Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, kwani mpangaji hawezi kubadili chochote kwa hiari yake.

20. Naweza kuweka tangi la maji juu?

Tangi la lita 1,000 likijaa lina uzito wa tani moja, na hujahesabu kitako chake. Boriti za dari hazikuwekwa kwa ajili hiyo. Liweke chini uani, na pampu ndogo ipandishe maji. Ikiwa hapana budi liwe juu, likae moja kwa moja juu ya makutano ya kuta mbili nene, na liwe dogo.

21. Na kiyoyozi?

Tatizo kubwa ni maji yake. Kibomba kinachodondosha tone kwa tone juu ya ukuta mchana kutwa kinafanya kazi ya masika mwaka mzima. Kiongoze hadi mtaroni. Kabla ya hapo jaribu kufungua madirisha yaliyopigiliwa mbao na kurudisha hewa ya uani. Vyumba vingi vimekuwa na joto kwa sababu tu njia za upepo zimezibwa.

22. Mgeni anataka kuununua mlango wetu wa kuchongwa.

Mlango ni sehemu ya jengo na hauruhusiwi kung'olewa na kuuzwa. Fremu yake imeungana na ukuta, na kuitoa kunaacha tundu linalodhoofisha mbele ya nyumba yote. Kama ubao umechakaa, mpeleke fundi seremala auunge kwa mti wa aina ileile.

23. Haya yanafaa Pemba pia?

Yanafaa, na mvua ya Pemba ni nyingi kuliko ya Unguja, kwa hiyo ya paa na milizamu yafuateni kwa bidii zaidi. Nyumba za mawe za Pemba ni chache na zimetawanyika: Chake Chake, Wete, Mkoani na mashambani kwa wenye mikarafuu. Sakafu za kuanikia karafuu nazo zihesabiwe. Zikikutwa na ufa zizibwe kwa chokaa, zisimwagiwe zege jipya.

24. Fundi wa chokaa nampataje, na nimpimeje?

Waulize walioshughulikia nyumba za jirani zako, kisha nenda ukaone kazi yake ya miaka mitano iliyopita, si ya mwezi jana. Mwulize chokaa yake ameizima lini. Mwulize atauloweshaje ukuta kabla na baada ya kupaka. Akikuambia atatia "saruji kidogo tu ya kukazia", mshukuru na uendelee kutafuta. Ukishampata, mwekee kijana wa nyumbani awe msaidizi wake, ili matengenezo ya mwaka unaofuata yawe na mtu wa kuyafanya.